Nyota Iliyokataa Kupanda

"Itangazwe kwa wananchi wote, kwa viongozi wa dini na wa serikali, kwa wenyeji na wapita njia, kwa wenye taa na wasio na taa, kwamba leo hii, mbele ya mashahidi walio hai, Umoja wa Hiari wa Walinzi wa Anga la Usiku, Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, unamsimika Bwana Shigela Seni, mfugaji, wa kitongoji cha mwisho cha Idodi, kuwa Balozi wa Kwanza wa Giza."

Aliyesoma maneno hayo ni Mzee Liberatus Kihwele, mpima ardhi mstaafu kutoka Ipogolo, na aliyasoma kwa sauti ya mtu anayezindua daraja. Nyuma yake lilisimama gari la kuazima, taa zake zote mbili za mbele zikiwaka, kwa sababu bila hizo walinzi wa giza wasingeweza kuona walichoandika. Mashahidi walio hai walikuwa saba: wanachama wanne wa Umoja, Yunisi mke wa balozi, Benjamini mwenye mashine ya kukoboa mpunga, na Tupokigwe muuza samaki wa kukaanga. Ukihesabu na ng'ombe waliokuwa zizini, mkutano ulifana.

Balozi mwenyewe alisimama katikati ya mwanga, amevaa fulana ya Umoja iliyomzidi mabega, macho chini. Mbele ya mlango wa nyumba kilikuwapo kigoda kitupu. Wageni wawili walikuwa wamekosa viti, lakini hakuna aliyekisogelea.

Mambo yote yalianzia kwenye kigoda hicho.

Kilikuwa cha Mzee Seni, babake Shigela. Mzee huyo, akiwa kijana aliyeoa juzi, alitoka Usukumani na kundi la ng'ombe akalitembeza mpaka bonde la Usangu, miezi kwa miezi, bila ramani wala mtu wa kumwelekeza. Utaratibu wake ulikuwa mmoja tu. Nyota ya alfajiri ikitoka mashariki, boma la miiba linafunguliwa, safari inaanza, ili jua likichomoza wawe wamekwisha kumaliza nusu ya mwendo wa siku. Miezi ambayo nyota hiyo haionekani alikuwa na nyingine za akiba, na hizo hakumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Baadaye Usangu nako kulipobana, akawahamisha tena ng'ombe na wajukuu mpaka Idodi, kwa njia ile ile, kwa nyota zile zile.

Sasa alikuwa mzee wa miaka themanini na ushee, na akili yake ilikuwa inahama bila yeye. Ilianza kwa majina. Akamwita Shigela kwa jina la marehemu kaka yake. Kisha ikawa chakula: anakula, ananawa, anauliza mbona leo hawapiki. Kila mchana alimtazama Yunisi, aliyekuwa mkwewe kwa miaka ishirini na saba, akamuuliza kwa adabu, "Wewe mama ni wa kwa nani?"

"Mimi ni wa hapa hapa, baba," Yunisi alijibu, naye mzee alitikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari njema.

Lakini nyota haikumtoka. Kila alfajiri alitoka nje akakaa kigodani, shingo juu, shuka begani. Nyota ikitokeza alisema neno moja: "Imetoka." Hakupaza sauti. Yunisi aliwasha moto, Shigela alichukua kibuyu akaenda kukamua. Nyumba ile ilikuwa na simu tatu zenye kengele za kila aina, na zote tatu zilikuwa zinasubiri ruhusa ya mzee. Ilikuwa ndiyo kazi aliyobakiwa nayo duniani, na aliifanya bila kukosea hata siku moja.

Ndipo Benjamini akafunga mashine ya mpunga.

Hakufanya dhambi. Mpunga ulikuwa mwingi, watu walikuwa wanausafirisha mbali kuukoboa, na mashine ni maendeleo. Pamoja na mashine akasimamisha nguzo, na juu ya nguzo akatundika taa nyeupe pana kama sinia la pilau, ikitazama mbugani kama imetumwa kumtafuta mtu. Kutoka uani kwa Shigela taa hiyo ilikuwa mashariki kabisa, chini kidogo, pale pale. Mwezi haukuisha wenye maduka ya barabarani nao wakatundika za kwao, kila mmoja akitaka yake imzidi jirani, ili watalii wanaokwenda mbuga ya Ruaha wajue kwamba hapa pana soda. Mbingu ya Idodi ikawa kama uji uliotiwa maji mengi. Nyota kubwa kubwa zilibaki. Ndogo zilikwenda zao.

Usiku mmoja mzee alitoka nje kwenda haja ndogo. Akatazama mashariki, akaona nyeupe, kubwa, iko mahali pake. Zamani angegeuza shingo akaziangalia nyingine kupata uhakika. Safari hii nyingine hazikuwapo. Akafungua zizi.

Yunisi aliamshwa na kengele za ng'ombe, saa sita kasorobo. Mpaka Shigela anavaa viatu, kundi lilikuwa ndani ya mpunga wa mwenyekiti wa kitongoji, Adrian, likila kwa utulivu wa wageni waliokaribishwa. Mzee hakuwa pamoja na ng'ombe. Alikuwa amewapita, akafika hadi kwenye ukuta wa mashine, amesimama chini ya nguzo ameegemea fimbo, nondo na kumbikumbi wakimzunguka kichwani.

"Shigela," alisema. Hakuwa amemwita kwa jina lake kwa mwezi mzima. "Hii haipandi."

"Nini, baba?"

"Nyota. Tangu nimefika hapa, haipandi."

Shigela alitazama juu ile taa ikamchoma macho. Angeweza kusema kweli. Angemwambia mtu aliyewaleta wote mpaka hapa kwamba amedanganywa na mashine ya mpunga.

"Leo imechelewa, baba," alisema. "Twende tukaingoje nyumbani."

Kesho yake Adrian aliletewa ndama na maneno ya kuomba radhi, na zizi likafungwa kwa mnyororo. Jirani mmoja mwenye huruma akashauri na mlango wa mzee ufungwe kwa nje. Shigela alimjibu kwamba zizi ni la ng'ombe. Lakini alifanya jambo lingine, na hilo ndilo lililomuuma baadaye kuliko mnyororo. Alfajiri mzee aliposema "Imetoka," Shigela hakuinuka. Alipapasa simu kwanza, akaangalia saa. Siku nyingine ilikuwa saa kumi na moja kweli, siku nyingine saa saba. Wiki ya pili ikawa mzee anasema, na nyumba nzima inajigeuza upande.

"Siku hizi nikisema hamuamki," mzee alimwambia asubuhi moja, wakiwa wanakunywa maziwa. Hakulalamika. Alisema kama anavyosema mtu aliyeona ng'ombe wake mmoja ameanza kuchechemea.

Shigela alikunywa maziwa yake akayamaliza, akavaa kofia, akaenda kwa Benjamini.

"Kamwene," alisalimu, maana Kihehe cha salamu alikuwa nacho cha kutosha.

"Kamwene, ng'wanawane," Benjamini alijibu, akimrudishia Kisukuma chake kwa utani. "Umeleta mpunga?"

"Sijaleta. Nimekuja kuhusu taa."

"Imeungua?"

"Inawaka. Ndiyo shida."

Benjamini alizima mashine ili asikie vizuri. Shigela akaeleza yote: nyota, zizi, nguzo. Benjamini alisikiliza mpaka mwisho, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, kisha akacheka, kwa sababu alikuwa mtu.

"Sasa mimi nizime taa nikaibiwe mota, ili mzee wako asikosee saa? Mnunulie saa, ndugu yangu."

"Saa anazo tatu. Hazijui."

"Basi peleka shauri mkutanoni. Mkutano ukisema nizime, nazima."

Mkutano ulisema. Ulisema sana. Ajenda ilipofika, Adrian aliisoma mara mbili akidhani katibu amekosea kuandika: "Ombi la Ndugu Shigela la kurudishiwa giza." Watu wakacheka mpaka kuku wakahama kivulini.

"Jamani," alisema mzee mmoja akifuta machozi, "tumeomba umeme miaka thelathini. Wazazi wetu wamekufa wanaomba. Umefika, huyu anaomba giza."

"Mtu anayetaka giza ana shughuli yake ya giza," sauti ikatoka nyuma.

"Labda ungo unashindwa kutua," nyingine ikajibu.

Tupokigwe ndiye aliyesimama bila kucheka. Alikuwa mama wa Kinyakyusa aliyehamia Idodi akiuza samaki wa Mtera, karai lake likiwa barabarani chini ya taa ya duka. "Mimi sina ubaya na kaka Shigela," alisema. "Lakini mimi nauza jioni. Nikikosa mwanga, mteja anakula mwiba, ananitukana mimi, hamtukani yeye. Mzee afungiwe mlango tu, kaka. Mama yangu tulimfungia."

Shigela alirudi nyumbani akiwa na jina jipya. Watoto wa shule walimwita Bwana Giza, na watu wazima waliacha kumpa mkono jua likishatua.

Umoja wa Hiari ulimkuta katika hali hiyo. Jioni moja Mzee Liberatus alionekana kando ya barabara, karatasi mkononi, ameinua uso juu, anahesabu nyota kwa kidole. Alikuwa amestaafu kupima ardhi, na kwa kuwa ardhi ilikuwa imekwisha kugawanywa yote, alihamia mbinguni. Watu wa Idodi walimtazama dakika mbili tatu, wakamwelekeza kwa upole: "Mwenzako anakaa kule mwisho."

Waliongea usiku ule mpaka maziwa yakaisha. Liberatus alikuwa amepata kitu ambacho Umoja haukuwahi kuwa nacho, yaani mwanachama mwenye shida. Wengine kumi walikuwa na darubini. Akatoa fomu. Penye "Sababu ya kujiunga" Shigela aliandika neno moja, "Baba." Liberatus aliona halitoshi, akalikata kwa rula, akaandika juu yake: "Kuenzi hazina ya maarifa ya anga ya wahenga wetu."

Hata hivyo mpima ardhi alimfundisha kitu kimoja cha maana. Taa haihitaji kuzimwa, alisema, inahitaji kofia. Taa isiyo na kofia humwaga nusu ya mwanga wake juu, ambako hakuna mteja.

Shigela alichukua madebe ya mafuta ya kula, akayakata kwa mkasi wa bati, akayakunja. La kwanza akampelekea Tupokigwe, akamwomba alijaribu siku moja tu. Usiku uleule mwanga wote ukaanguka ndani ya karai, samaki wakaonekana mpaka magamba.

"Kumbe miezi yote hii nilikuwa naziangazia mbingu bure," Tupokigwe alisema. "Na mbingu hazijawahi kununua hata dagaa."

Tangu hapo Shigela alikuwa na mhubiri. Tupokigwe hakutaja nyota hata mara moja. Aliwaambia wenye maduka kwamba wanamwaga mwanga. Baada ya wiki sita taa kumi na nne za Idodi zilikuwa zimevaa madebe, pamoja na ya zahanati na ya kanisani, ambayo mchungaji aliibariki, debe likiwa bado na picha ya alizeti. Shigela alipanda ngazi mara kumi na nne, bila malipo, baada ya kazi za ng'ombe. Aliyemwita Bwana Giza sasa alimshikia ngazi.

Ikabaki moja.

"Nimekubali," Benjamini alisema, akaipokea kofia kubwa kuliko zote, akaipiga konzi kusikia bati lake. "Mimi si mkaidi. Ila nguzo yangu ni ndefu, ngazi yako haifiki. Fundi wangu wa nguzo yuko Makongolosi anachimba dhahabu. Akikosa dhahabu atarudi, akirudi anapanda. Msimu wenyewe wa kuchimba unaisha mwezi ujao."

"Mwezi ujao," Shigela alisema.

"Mwezi ujao, ng'wanawane. Imekaa hapa miezi mingi, itashindwa kukaa huo mmoja zaidi?"

Kofia ikawekwa stoo juu ya magunia. Shigela akahamishia kitanda chake mlangoni kwa mzee, na kila mzee alipotoka usiku, alitoka naye.

"Imetoka," mzee angesema.

"Ile bado, baba. Ile ni ya watu wengine."

Mzee angekubali na kurudi kulala. Siku ambazo nyota ilitoka kweli, Shigela aliinuka upesi zaidi ya zamani, na mzee alimwangalia akikimbilia kibuyu, na uso wake ukatulia.

Kisha ikaja barua ya semina. Siku mbili, Ipogolo, "Kujenga Uwezo wa Walinzi wa Anga," chakula na malazi juu ya Umoja. Shigela aliikunja akaiweka kwenye paa la jikoni.

"Nenda," Yunisi alisema. "Wamekusaidia wale. Utakataaje mwito wao?"

"Na mzee?"

"Mimi nipo. Usiku mmoja tu."

Alikwenda. Semina ilifanyika katika bustani ya nyumba ya wageni iliyozungushiwa taa za rangi, kijani na nyekundu, mpaka kwenye miti, na mwenye nyumba alikataa kuzizima kwa kuwa kulikuwa na kikao cha harusi upande wa pili. Kwa hiyo walinzi wa anga walizitazama nyota ukutani, kwa mashine ya kuonyeshea picha. Mtaalamu mmoja alionyesha kwa fimbo. Shigela alipewa fulana, na aliilaza vizuri chini ya mto.

Simu kutoka kwa Yunisi iliingia alfajiri, kabla ya kengele yoyote.

"Shigela. Njoo."

Wagawa maji wa mfereji mkuu ndio waliomkuta mzee ndani ya maji, walipokwenda kufungua zamu ya asubuhi. Mfereji ule ulipita katikati ya nyumba na mashine, na daraja lake lilikuwa hatua themanini kushoto. Mzee hakufuata daraja. Alifuata nyota, kama siku zote. Fimbo yake ilikuwa imesimamishwa ukingoni. Shuka ilikuwa imekunjwa begani, na kiunoni alikuwa amejifunga kibuyu cha maziwa, kama mtu anayehama.

Yunisi alikuwa amekaa chini kando ya kigoda, miguu imenyooshwa. Hakulia Shigela alipofika. Alikuwa amemaliza.

"Alisema imetoka," alisema. "Nikamwambia lala, baba, bado. Akanyamaza. Nikajua amelala." Akakung'uta vumbi lisilokuwapo magotini. "Mimi nilikuwa nimechoka, baba Seni. Nilipalilia siku nzima."

"Najua."

"Akarudia. Akasema, amka mama, imetoka. Mimi nikajigeuza."

Shigela alikaa kando yake, na fulana mpya ya walinzi wa anga mapajani.

Walimzika siku ya pili, kichwa mashariki, kwa sababu Shigela alisema hivyo na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumuuliza desturi hiyo ni ya wapi. Makaburini Benjamini hakuonekana, watu wakanong'ona. Waliporudi wakamkuta juu ya nguzo yake. Hakumngoja fundi. Alikuwa amefunga ngazi mbili kwa kamba ya katani, akapanda na tumbo lake na suruali ya msibani, kofia ya debe kwapani. Ngazi ilikuwa inalia. Aliposhuka suruali ilikuwa imechanika toka goti hadi paja, na Idodi, ambayo ingecheka hata msibani kwa jambo dogo kuliko hilo, haikucheka.

Alimwendea Shigela.

"Ilikuwa kazi ya nusu saa," alisema.

"Najua," Shigela alisema.

Usiku ule taa zote kumi na tano zilitazama chini, na anga la Idodi likarudi lote kwa pamoja, mpaka zile ndogo, mpaka ule mchirizi mweupe ambao watoto wa shule walikuwa wameuona kitabuni tu. Shigela alitoka alfajiri akakaa chini, kando ya kigoda. Juu kulikuwa na nyota nyingi mno. Alitafuta moja ya kuanzia akaikosa. Alikuwa amepewa miaka hamsini na moja ya kuuliza, na miaka yote hiyo alikuwa ameinua macho kutafuta mvua tu. Ng'ombe walianza kulia kwa maziwa kujaa, na jua lilikuwa limekwisha kuchomoza, ndipo Yunisi alipotoka na sufuria akamkuta pale pale.

Kuanzia hapo nyumba ile iliamshwa na simu.

Umoja ulipata habari kwamba Idodi sasa inaongoza kwa giza kanda nzima. Ukakaa kikao, ukaazima gari, ukachapisha cheti. Na sasa Mzee Liberatus alikuwa amefika mwisho wa tangazo lake. Alikunja karatasi, akakohoa, akamkabidhi Shigela cheti chenye fremu ya kioo, na kwa kuwa taa za gari zilikuwa bado zinawaka, kioo kikammulika balozi machoni.

"Sasa Balozi atatoa neno," Liberatus alisema. "Neno fupi kwa taifa, na kwa vizazi vijavyo. Tuwaambie nini kuhusu giza hili ulilotupigania?"

Mmoja wa wanachama akainua simu kurekodi. Tupokigwe akatazama kigoda. Benjamini alikuwa anatazama viatu vyake.

Shigela alikishika cheti kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa mtoto wa mwenzake. Akamgeukia Benjamini.

"Kofia unaweza kuitoa," alisema. "Mzee tumeshamzika."